Nasaha Zilizofukuza Ndege

Juzi, kwenye duka la kunakili video hapa Lushoto, mama mmoja alileta diski ya harusi yake. Alitaka nasaha za marehemu baba yake ziingizwe kwenye kompyuta. Fundi aliifuta vumbi, akajaribu kompyuta mbili. Ikakwama palepale.

"Mama, hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Deki ya kuichezea ilikufa, nikaitundika diski shambani kwenye njegere ifukuze ndege."

Fundi akashika kichwa. "Nimepata mpaka watu wanakula. Mzee anasimama, anapewa maiki, basi."

"Hata salamu?"

"Hata salamu, mama."

Diski hurekodiwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio huchubuka kwanza. Nasi, kwa heshima zetu, baba tunamwacha aseme wa mwisho.