Unga wa Mama Jikoni kwa Bibi Eleni

Mkate wa duka la dawa ulikuwa na harufu ya katoni iliyoloa maji. Ulikuja umefungwa kwenye plastiki ngumu kama kitu cha hospitali, na kwa kweli ulikuwa kitu cha hospitali, maana daktari aliuandika kwenye karatasi moja na vidonge vya kuongeza damu, na Mama akauchukua kwa mfamasia. Asubuhi tuliyoondoka kwenda Ugiriki nilikuwa nikichoma vipande viwili vya mkate huo, harufu imejaa jikoni kwetu Thamesmead, London, Mama alipoingia kutoka kazini akiwa bado na sare yake ya bluu. Hakuketi. Alisema, "Wakesho, shusha begi kutoka juu ya kabati. Leo tunaenda baharini." Nilimwuliza bahari gani. Alitoa tiketi mbili mkobani, akanieleza kwamba jana yake akielekea kazini alipita kwenye duka la safari kule Woolwich, akaona tangazo dirishani limeandikwa kwa kalamu nene: viti viwili, wiki moja, kisiwa cha Ugiriki, mahali pa kulala mtaambiwa mkifika. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu hiyo ya mwisho. Mama yangu alikuwa mtu wa kununua sare ya shule miezi mitatu kabla ya shule kufunguliwa. Kumwona anaondoka bila kujua atalaza wapi kichwa kulinifurahisha na kunitisha kwa pamoja, na nadhani ile furaha haijawahi kunitoka tena.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi. Kwa mwaka mzima tumbo langu lilikuwa limevimba na miguu imekonda, nalala darasani mwalimu akisoma. Hatimaye daktari wa watoto alisema mwili wangu haupatani na gluteni, kitu kinachopatikana kwenye ngano na shayiri, na kwamba utumbo ulikuwa umeumia kiasi kwamba hata maziwa niyaache mpaka upone. Kwa siku moja zikaondoka chapati za Jumapili, mandazi, na chai ya maziwa ambayo nilikuwa nikiinywa tangu nimeota meno. Mwisho wa Agosti tulitakiwa kurudi hospitali kupima uzito. Nikiwa nimepungua tena, alisema daktari, nitalazwa nilishwe kwa mpira wa kupitia puani. Mpira huo nilikuwa nimeuona kwa mtoto wa kitanda cha pili siku nilipolazwa kupimwa. Niliuota mara nyingi.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mama Ruthi, Mkongo aliyesali na Mama kanisa moja, alikuja kuchukua ufunguo ili atumwagilie maua. Alimkuta Mama akiingiza kwenye begi pakiti mbili za unga wa mahindi, na mwiko.

"Dada, unaenda Ugiriki na unga? Watasema kwenu kuna njaa."

"Waseme. Huyu akila ugali hatapiki."

"Huyo mtoto mumempa ugonjwa wa Wazungu. Ngano inamdhuru nani? Bwana Yesu mwenyewe alimega mkate."

"Mama Ruthi, mwagilia maua," alisema Mama, na wote wawili wakacheka, lakini niliona Mama anafunga zipu ya begi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alikuwa amekulia kwao Wundanyi, akala chapati kila sikukuu bila kudhurika, na ugonjwa unaoletwa na chapati ulikuwa kwake jambo la kusikia tu.

Tulifika kisiwani jua likiwa bado juu. Basi la watalii lilizunguka kwenye hoteli moja baada ya nyingine, kijana mwenye karatasi akisoma majina, watu wakishuka na mabegi yao, hadi tukabaki sisi wawili na dereva. Nilikuwa nimebandika paji la uso dirishani, nahesabu paka. Mwishowe dereva alisimama mbele ya nyumba nyeupe yenye ngazi nje, hatua chache kutoka ufukoni, akapiga honi, na mwanamke mzee mwenye gauni jeusi akatoka akijifuta mikono. Huyo alikuwa Bibi Eleni. Alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha juu ya jiko lake, na Kiingereza alichojifunza kwa wapangaji, maneno machache ila yote ya kazi. Kabla hatujapanda ngazi alitukalisha mezani na kuleta pai aliyooka mchana ule: unga mwembamba uliokunjwa tabaka kwa tabaka, katikati mboga za majani na jibini nyeupe inayomeng'enyuka. Harufu ya siagi ilinifanya nimeze mate. Nikamtazama Mama.

Hapa lazima nieleze jinsi nilivyolelewa. Kwetu mgeni akiwekewa chakula, anakula. Hata kama ameshiba, hata kama hakipendi, anakula kidogo, anamsifu mwenye nyumba, ndipo anaweka mkono juu ya sahani. Kukataa kabisa ni sawa na kusema jiko lake ni chafu au moyo wake ni mbaya. Mama alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma, na kule London, ambako tulijipikia wenyewe, ugonjwa wangu ulikuwa haujawahi kugongana nalo. Sasa viligongana mbele ya macho ya mwanamke mzee aliyesimama na kisu mkononi akingoja tuonje. Mama aliinama, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Onja kidogo tu, mwanangu. Kipande kidogo hakiwezi kukudhuru. Tusimvunje moyo mama wa watu." Nilijua kwamba hata kipande kidogo kingenidhuru, kwa maana nilikuwa nimesoma karatasi ya hospitali mara nyingi kuliko yeye. Lakini sikusema. Nilikula kipande kidogo, na kwa kuwa kilikuwa kitamu kupita kitu chochote nilichokula mwaka ule, nikala na cha pili.

Siku mbili zilizofuata niliziona kutoka kitandani. Nilitapika mpaka kikabaki kitu cha njano, tumbo likikaza na kulegea, huku dirishani nasikia watoto wengine wakirukia majini. Mama alikaa kwenye kiti kando yangu na beseni mapajani. Kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee, kila mzee alikuwa na kadi yake ukutani: huyu hali sukari, huyu hali chumvi, huyu chakula kisagwe. Mama hakuwahi kukosea kadi hata moja, na aliwahi kumfokea mpishi mbele ya meneja kwa sababu ya kijiko cha jamu. Siku ya pili alizitazama mbavu zangu kwa muda, kisha akasema, si kwangu, "Ningemfukuza mfanyakazi aliyefanya hivi." Akainuka, akafungua begi, akachukua pakiti moja ya unga na mwiko, akashuka.

Nilimfuata nikishikilia ukuta, kwa sababu hata nikiwa mgonjwa sikuweza kukubali jambo litokee chini mimi niko juu. Bibi Eleni alikuwa akipaka samaki unga wa ngano tayari kuwakaanga. Mama alieleza yote kwa Kiingereza, taratibu, akionyesha ule unga wa ngano, akionyesha jibini, akionyesha tumbo langu. Yule mzee alisikiliza. Kisha akaweka samaki chini, akampiga Mama begani kwa mkono wenye unga, ikabaki alama nyeupe kwenye blauzi.

"Wewe mama. Mimi mama. Kwa nini husemi?"

"Kwetu mgeni hakatai chakula," alisema Mama.

"Hata kwetu! Lakini kwetu mwenye nyumba haui mgeni."

Mama alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na Bibi Eleni akamwacha alie huku akiosha mikono yake hadi kwenye viwiko. Kisha akamsogezea Mama sufuria, akasema, "Pika. Nione."

Mama alisonga ugali kwenye jiko la watu. Mvuke wa mahindi ulipopanda, Bibi Eleni alisogea, akanusa, na uso wake ukabadilika. Alituambia kwamba wakati wa vita, yeye akiwa mdogo kuliko mimi, walikula mikate ya mahindi tu, miezi na miezi, na ndugu yake mchanga hakufika mwisho wa baridi. Tangu hapo hakuwa ameruhusu unga huo uingie nyumbani kwake. Mama alisimamisha mwiko, akauliza kama aumwage. Bibi Eleni alitikisa kichwa. Alichoma samaki kwenye makaa bila kumpaka chochote ila chumvi, akachemsha majani ya porini ambayo mimi na Mama tuliyaona kuwa mchicha kabisa, akayamwagia mafuta ya zeituni na ndimu, akaketi nasi. Alimega ugali kwa vidole kama tulivyomwonyesha, akatafuna muda mrefu akitazama bahari. Alisema kimoja tu: huu ni laini, ule ulikuwa kama jiwe. Mimi nilikula mpaka Mama akanishika mkono.

Kwa siku zilizobaki nilikuwa na sufuria yangu na kikaango changu, vimetundikwa kwenye msumari wa peke yao, Bibi Eleni amevifunga uzi mwekundu mpinini ili mkono wake usisahau. Asubuhi nilikula mayai na nyanya, mchana samaki au kunde, jioni wali na tikiti maji. Niliuliza jina la kila kitu. Nilijifunza kusema kwa Kigiriki kwamba ngano hapana, maziwa hapana, nikayasema kwa mwuza matunda ambaye hakuwa ameniuliza. Mwisho wa Agosti nilipanda kwenye mizani ya hospitali na mshale ulipita pale ulipokuwa kwa karibu kilo moja. Mama alisema "Asante Mungu" kwa sauti, na muuguzi akadhani anaambiwa yeye. Jumapili iliyofuata Mama Ruthi alituletea mandazi, na Mama akampokea mlangoni, akamwambia mbele yangu, bila kunong'ona, kwamba mimi sili na kwa nini.

Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo nimeishi kwenye miji mingi kuliko ninayoweza kuitaja kwa mpangilio, nikiosha vyombo, nikichuma zabibu, nikilinda nyumba za watu. Dunia imerahisika kwa tumbo kama langu. Madukani kuna rafu nzima, na mkate haunuki tena katoni. Mhudumu ananiuliza kabla sijaketi, ananiletea sahani yenye kibendera kidogo cha kuonyesha haina gluteni, nakula salama na kuondoka bila kujua jina la aliyepika. Sina malalamiko, ningekuwa na kibendera hicho nikiwa na miaka kumi, nisingepoteza siku mbili za bahari. Lakini hakuna anayelazimika siku hizi kushuka jikoni na pakiti ya unga.

Wiki iliyopita nilishuka kwenye treni katika mji ambao sikuwahi kuusikia, kwa sababu tu mto wake ulinivutia kutoka dirishani. Kabla ya saa kumi jioni nilikuwa nimepata chumba kwa mwanamke mjane, juu ya jiko lake. Alinipa fomu yenye sehemu ya kuweka alama kwa vyakula usivyokula. Niliweka alama, akaisoma, akasema vizuri, kila mtu ajipikie. Nilipanda nikaweka begi kitandani, kisha nikashuka tena na pakiti ya unga na kipande cha uzi mwekundu, nikamwomba anionyeshe sufuria ambayo hangejali kunikopesha. Alinitazama nikiufunga uzi mpinini.

"Wa nini huo?" aliuliza, akavuta kiti.