Gia ya Tatu Yagoma

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Taratibu, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kutwa nzima. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kiti cha pembeni katika gari dogo la chuo cha udereva, mguu juu ya breki ya ziada, akifundisha watu wazima mambo ambayo miili yao haikuyataka. Jioni alirudi nyumbani sauti imekauka, akamjibu mumewe kwa kichwa tu.

Mwaka ule gari lilianza ukaidi. Ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu, mkono wa gia ulicheza kama jino bovu, ukaangukia ya tano, na gari likakohoa na kuzimika. Alimwambia mwenye chuo, kaka wa mumewe.

"Lakini si linatembea, shemeji?"

"Linatembea kwa sababu mimi nimelizoea."

"Basi wafundishe nao walizoee."

Alimwambia tena, na tena, kisha akachoka kusema. Akawafundisha wanafunzi ujanja wake: vuta kwako kwanza, hesabu moja, ndipo usukume. Aliyeshindwa, alimwekea kiganja juu ya kiganja, wakasukuma pamoja. Kufikia katikati ya mwaka bega lilikuwa linamuuma hata akijifunga kitambaa kichwani.

Ndipo akaja mkunga mmoja mstaafu. Macho ya mumewe yalikuwa yanafifia, na sasa ilibidi yeye ndiye aendeshe. Alikuja na daftari, akachora gia zote, na ule ujanja akauandika kwa wino mwekundu, akidhani magari yote ndivyo yalivyo.

Siku ya mtihani, mtahini alikaa mbele, Mwalimu Taratibu nyuma. Walipofika kwenye kilima kidogo, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, mkunga akasahau kuhesabu. Gari likazima. Akawasha, likazima tena. Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Waliporudi uani, mkunga hakushuka.

"Nimezalisha wanawake hata idadi siikumbuki, leo kijiti hiki kinanishinda," alisema. "Kichwa kimezeeka, Mwalimu. Acha nikamwambie mzee tutafute dereva."

Mwalimu Taratibu angeweza kusema pole na kuishia hapo. Alikuwa amechoka kiasi hicho. Lakini alimwona akilifunga lile daftari polepole, kama mtu asiyetarajia kulifungua tena, na uso ukamwasha kwa aibu.

"Si wewe, mama. Gia ni mbovu tangu mwanzo wa mwaka, na mimi nilijua."

"Ulijua, ukanileta kwenye mtihani?"

"Nilijua."

Mtahini alikuwa amesikia. Akaingia mwenyewe, akazunguka ua, na gari likamzimikia mara mbili. "Matokeo hayabadiliki," alisema akishuka. "Arudi baada ya wiki tatu. Na gari hili likiwa hivi, nisilione."

Mchana huohuo Mwalimu Taratibu alimwekea shemeji yake funguo mezani. "Sikai ndani yake mpaka litengenezwe." Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Shemeji alimtazama jinsi alivyolishika bega lake, akampigia fundi simu.

Fundi hakumaliza hata saa moja. Alitoa kibushi cha plastiki kinachoushika mkono wa gia, kimelika, ukubwa wa kifungo cha shati. "Ni hiki tu," alisema. Mwalimu Taratibu alikitazama, akaketi juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale.

Mkunga hakupokea simu zake. Siku ya nne, Mwalimu Taratibu akaenda kwake kuomba radhi. Mkunga alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema, "Nitakuja. Lakini tuanze upya, kutoka gia ya kwanza."

Kazi haikuwa nyepesi. Mkono wake uliendelea kuvuta na kuhesabu hata pasipo haja, na ilichukua siku nyingi kuusahaulisha. Alipourudia mtihani alifaulu, ingawa rivasi aliipinda kidogo.

"Asante," alimwambia Mwalimu uani, akimpa mkono. "Hasira bado ninayo kidogo."

"Una haki, mama."

Mwanafunzi aliyefuata alikwishakaa nyuma ya usukani, akirekebisha kioo. Mwalimu Taratibu alilisugua bega lake, akalizunguka gari, akaingia na kufunga mlango.