Mkeka Mbele ya Ndege

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Enzi za Wabelgiji nilikuwa kijana wa kazi kwenye uwanja wa ndege wa Kasongo, uwanja wa nyasi tu. Nilikuwa napampu esansi, petroli ya ndege, kutoka kwenye pipa na kuitia ndegeni. Rubani wetu alikuwa Mbelgiji tuliyemwita Bwana Kimya. Kwao alifanya kazi ya kujaribu ndege mpya za jeti, zile ambazo hakuna aliyewahi kuzirusha. Yeye na rafiki yake walipokezana: leo huyu apande aone kama chombo kitavunjika angani, kesho yule. Akachoka kuishi roho mkononi, akaja kwetu kupeleka barua na wagonjwa kwa kindege cha propela, kati ya Kasongo na Kabambare. Rafiki alibaki kulekule.

Asubuhi hiyo karani wa posta alileta habari kwamba yule rafiki ameanguka na jeti, amekufa. Bwana Kimya alisikiliza, akavaa kofia yake, akaniamuru nijaze matangi. Hakukuwa na barua wala mgonjwa. Nikamuuliza anakwenda wapi, akanionyesha juu kwa kidole. Niliogopa kwamba hatarudi, lakini nikapampu. Tulizoea kufikiri kwamba Mzungu akiwa na huzuni anataka kuachwa peke yake.

Mama yangu mkubwa, Mama Zaituni, alikuwa akipita na wenzake kutoka shambani. Nikamweleza. Akanitazama mpaka nikaona haya.

"Hii mutu iko na matanga," alisema. "Na wewe unamutilia esansi?"

Kwetu unajua, mfiwa hasafiri kabla matanga hayajaisha, wala halali peke yake. Mama Zaituni alitandika mkeka aliokuwa amebeba mbele kabisa ya propela, akaketi. Wenzake wakaketi pia. Bwana Kimya akafoka, akatishia kuita polisi. Nilijua leo fimbo ni zetu.

"Ikala kwanza, mwanangu," Mama Zaituni alimwambia, akimwonyesha nafasi mkekani. "Kiisha nitatoka."

Akavua kofia yake. Halafu akaketi pale mkekani, akalia kwa sauti kama mtu yeyote wa hapa. Tulikaa naye mpaka matanga yakaisha.

Baadaye alirudi Ulaya, akisema anakwenda kupanda tena zile jeti. Sikupata habari zake tena. Kama alianguka, hakuna aliyetuambia, na matanga yake hatukukaa. Hilo linaniuma.

Nami mama yenu nimemzika mwaka jana. Mlinipigia simu kutoka Kinshasa, mkasema pole, mkatuma sukari. Nyumba imekuwa kubwa mno. Siwalaumu. Basi, nawalaumu kidogo.

Sikia, mwanangu: mtu akifiwa, usimuulize kama anataka watu. Nenda. Akikufukuza, kaa. Na siku ya kilio chako, Mungu akuletee watu wasiojua kuondoka.