Transista Niliyoikwangua Rangi

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, Kariakoo ilifurika redio kaseti na televisheni, na wezi nao wakafurika. Mimi nilikuwa fundi redio, kijana mwenye sifa za kijinga. Mzee mmoja wa Kihindi, duka lake jirani na kibanda changu, aliniomba king'ora cha kulinda mali anapofunga mchana kwenda kula nyumbani.

Nikachukua transista ya zamani, kijidude cha ndani ya redio, ile ya kioo iliyopakwa rangi nyeusi, nikaikwangua rangi kwa wembe. Ikikaa gizani inazuia umeme. Ikipigwa na mwanga inaupitisha. Mwizi akifungua mlango, mwanga unaingia, king'ora kinalia. Nikaifunga ndani ya duka, juu karibu na bati, nikaijaribu asubuhi, ikakubali. "Fundi, wewe kiboko!" mzee akasema. Basi nikavimba kichwa.

Siku ya tatu, saa saba mchana, duka limefungwa na bati linachoma, king'ora kikalia. Kwenye baraza la duka alikuwa amelala kuli mmoja, mtu wa Lindi, aliyekuwa akinywa chai kwangu kila siku. Akakurupuka. Kule kukurupuka ndiko kulikomponza.

"Mwizi! Mwizi huyo!" Mtaa mzima ukamvamia. Ngumi, mateke, mawe, nondo. Nilisikia mfupa ukivunjika, wallahi. King'ora kinalia, nao wanazidi kupiga. Swichi iko ndani. Nikivunja kufuli niizime, mwizi wa pili ni mimi. Nikabaki nimeshika bisibisi.

Hapo ndipo nikakumbuka, mpumbavu mimi! Transista zile zikipata joto kali hupitisha umeme hata gizani. Ni bati lile lililokiliza king'ora, wala si mtu.

Mzee akaja mbio, akafungua, akakizima. Mikono ikasimama. "Kufuli zima hili," akasema, akanigeukia. "Fundi, kifaa chako kibovu?"

Wote wakanitazama. Mwenye nondo akanisogelea, jasho linamtiririka. "Ina maana tumempiga bure? Ee?"

Kuli alikuwa chini, uso umejaa damu, jicho moja limefumba. "Kaka," akaniita, "waambie nilikuwa nimelala."

Niliijua kweli yote. Niliitazama ile nondo.

"Kifaa kizima," nikasema.

Wakamrudia. Aliniita tena, kaka, kaka, mpaka akaacha.