Kipimo cha Mwisho

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vyangu hutoka jasho. Nilikuwa nimesimama katika kijiji kimoja cha wilaya inayoitwa leo Chemba, mbele ya mtambo wa kuchimbia visima, na kijiji kizima kimekusanyika na ndoo tupu. Mtambo ulikuwa unatoboa ardhi tangu jana yake asubuhi. Tulikuwa tunangoja maji. Kilichotoka ni vumbi jeupe, kavu kama unga wa muhogo, likaruka juu na kutushukia sote, kope na nywele zikawa nyeupe. Watu walisimama tu wakilitazama lile tundu, kisha wakanitazama mimi. Maana aliyekuwa amewaambia kwamba maji yapo pale ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, kwa sababu jambo hili ukilishikia mkiani halieleweki.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, hakuna aliyeniita Mama wakati huo, naitwa Neema tu. Nilikuwa nimetoka kusomea kompyuta Dar es Salaam, nikapata kazi hapa Dodoma mjini katika kampuni ndogo ya kuchimba visima. Kompyuta ya ofisi ile haikuwa na vipicha vya kubofya kama hizi zenu. Ilikuwa kioo cheusi na maandishi meupe; ukitaka jambo, unaliandika. Ukitaka kuona mafaili yaliyomo unaandika herufi mbili, l na s. Ukiongeza kistari na l nyingine, kila faili linakaa kwenye mstari wake, tarehe yake kando na jina lake mwishoni. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Madereva walikuwa wakipita wanasimama nyuma yangu kutazama. "Huyu dada anaongea na mashine," wanasema. Mimi najifanya sisikii, na kichwa kinavimba.

Aliyekuwa akipima ardhi alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo wa Mpwapwa, mtu mrefu mwenye maneno machache. Yeye ndiye aliyekwenda vijijini na vyombo vyake vya nyaya kutafuta penye maji chini ya mwamba. Katika kijiji kile cha Chemba alipima sehemu kumi na nne, siku baada ya siku, na kila sehemu akaiwekea faili: kipimo1, kipimo2, hivyo hivyo mpaka kipimo14. Ndani ya kila faili kulikuwa na namba za mahali, zile zinazosomwa na kifaa cha satelaiti. Siku aliyorudi ofisini kuyaingiza mafaili, akapigiwa simu kwamba dada yake amefariki. Akaondoka mbio kwenda kuzika. Mlangoni akageuka.

"Neema, nilihangaika sana, lakini nimepaona. Kipimo cha mwisho ndicho. Mpe fundi namba za pale."

"Sawa mzee. Pole sana."

Huko kwao simu haikuwa inashika. Kesho yake fundi wa mtambo, Shabani, akaja kuchukua namba. Nikaandika ile amri yangu, orodha ikamwagika kwenye kioo, nikatazama mstari wa chini kabisa. Pameandikwa kipimo9. Nikalifungua faili, nikanakili namba kwenye karatasi, nikampa. Kazi ya dakika moja, mwanangu. Hata chai yangu haikupoa.

Niliomba ruhusa niende nao, kwa sababu sikuwahi kuona maji yakitoka ardhini. Tulipofika, watu walitupokea kwa vigelegele. Lazima ujue kijiji kile kilikuwa kinakunywa nini. Wanawake walikuwa wakishuka kwenye korongo la mchanga, wanachimba shimo mpaka mtu anazama ndani mzima, halafu wanangoja maji yajikusanye taratibu, wayachote kwa kata. Punda wamekondeana pembeni wakingoja zamu yao.

Kifaa cha satelaiti kikatupeleka kwenye uwanda mtupu, mbele ya nyumba za kijiji. Shabani alipoanza kuusimamisha mtambo, akaja bibi mmoja anatembea haraka, kanga kaifunga kiunoni. Alikuwa Bibi Mwanaidi, niliyekuja kumjua vizuri baadaye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona mmekuja huku? Yule mzee mwenye nyaya alipigilia kigingi kule chini, karibu na kichuguu kikubwa. Akatuambia tusikiguse mpaka mtambo uje. Nimekifunga kitambaa chekundu mimi mwenyewe, mbuzi wasikikanyage."

Shabani akazima injini. "Dada Neema, twende tukakiangalie? Ni mwendo mfupi tu."

Mwanangu, hapa ndipo ningependa kurudi. Wapo wanaotaka kurudi kwenye siku ya harusi yao; mimi ningeomba nirudishwe pale, penye lile swali la Shabani, nijibu neno moja tu. Lakini nilikuwa na karatasi mkononi, na kijiji kizima kinanitazama, na nilikuwa msomi. Nikacheka kidogo.

"Bibi, mzee alipima sehemu nyingi, huenda vigingi viko vingi. Namba hizi zimetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haikosei."

Bibi akakaza fundo la kanga yake. "Haya," akasema. "Nyinyi ndio mliosoma."

Waliosema heri kujikwaa mguu kuliko ulimi walinijua kabla sijazaliwa.

Tulitoboa siku ile mpaka jua linazama, na kesho yake tena. Mita sitini, themanini, mia moja, mia na ishirini. Mwamba juu ya mwamba. Kila Shabani alipounga bomba jingine, watu walisogea hatua moja mbele, na kila vumbi lilipotoka walirudi hatua moja nyuma. Alasiri ya siku ya pili akazima mtambo. Mtambo ulikuwa unasubiriwa Kondoa, kwenye vijiji vingine, kazi ya wiki sita. Hakukuwa na siku ya ziada, hata ya kujaribu penye kigingi cha Bibi. Wanawake wakaokota ndoo zao. Hawakututukana. Mmoja alituletea hata uji wa mtama tunywe kabla ya safari.

Mzee Ndahani alirudi ofisini siku tatu baadaye, bado na huzuni ya msiba. Alikuta habari imemtangulia. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa kando yangu.

"Nionyeshe ulivyofanya."

Nikaandika amri, orodha ikatoka. Nikaweka kidole kwenye mstari wa chini. "Hiki hapa mzee. Cha mwisho. Kipimo cha tisa."

"Vilikuwa kumi na vinne."

Nikarudi juu ya orodha. Kipimo1. Chini yake, kipimo10, kipimo11, kipimo12, kipimo13, kipimo14. Ndipo kinafuata kipimo2. Vilikuwa pale pale siku zote, juu ya kioo, navitazama na sivioni. Kompyuta ikipanga majina haihesabu kama wewe na mimi, inasoma alama moja moja kama kamusi. Kumi na nne inaanza na moja, basi inakaa na wenzake wa moja, na tisa inabaki mkiani. Haya nilikuwa nimefundishwa darasani! Na lililonimaliza kabisa ni tarehe. Kando ya kila jina tarehe ya kupimwa ilikuwepo, imeandikwa wazi. Kipimo cha tisa kilikuwa kimepimwa siku kadhaa kabla ya kile cha kumi na nne. Mtoto wa darasa la pili angeliona. Nikaweka mikono kichwani, nikasikia sauti inatoka kinywani mwangu, sijui ilisema nini, lakini watu wa chumba cha pili walikuja mbio.

Mzee Ndahani akangoja ninyamaze. Kisha akavuta kibodi, akaandika amri ile ile, ila akaongeza herufi moja, t. Orodha ikajipanga upya kwa wakati, kipya juu, cha zamani chini. Kipimo cha kumi na nne kikakaa kileleni.

"Uliiuliza majina," akasema, "ikakupa majina. Mimi nilikuambia cha mwisho kwa siku, wewe ukachukua cha mwisho kwa kupangwa. Mashine haikukudanganya."

"Nisamehe mzee."

"Hilo nalisamehe. Nami nina sehemu yangu, ningekuandikia namba ile kwenye karatasi kabla ya kuondoka, msiba ulinichanganya. Lakini nimeambiwa kuna bibi alikuonyesha kigingi kilipo."

"Aliniambia."

"Ukaenda kukiangalia?"

Nikatikisa kichwa. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati muda mrefu, macho yake hayakuniangalia. "Basi hapo, Neema. Kosa lako usilitafute kwenye kioo."

Ningekuwa na bahati, mafunzo yangeishia hapo. Majuto ni mjukuu, lakini yule wangu alikuja na wenzake. Wiki ya tatu, mtambo ukiwa bado Kondoa, dereva wa lori alileta habari. Kingo za shimo la korongoni zilikuwa zimeporomoka. Aliyekuwa chini anachota maji alikuwa Zaina, binti ya Bibi Mwanaidi, mama wa watoto wawili. Mchanga ulimfunika mpaka kifuani. Walimfukua kwa mikono na sahani, wakamtoa akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya goti.

Mwanangu, umesikia tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nikidhani guu lenyewe ni la yule asiyesikia. Siku ile nilijua kwamba linaweza kuwa la mtu mwingine, ambaye hakukosa lolote, aliyekwenda kuchota maji ya watoto wake.

Nilikwenda Chemba na Mzee Ndahani. Mwenyekiti wa kijiji akaita watu, nikasimama mbele yao, nikasema yote: orodha, kipimo cha tisa, kigingi, na kile kicheko changu. Nilisema kwamba kompyuta haikukosea, nilikosea mimi. Watu wakasikiliza. Mzee mmoja akasema, "Angalau umekuja." Nikaenda kwa Bibi Mwanaidi nikapiga magoti. Zaina alikuwa amelala mkekani ndani, mguu kwenye plasta.

"Nimekusamehe," Bibi akaniambia. "Mimi. Mguu muulize mwenyewe."

Nikaingia ndani. Zaina alinitazama, mwanamke wa umri wangu kabisa. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kitu kimoja. "Siku ile mama alipokuambia, ulidhani hajui?"

"Ndiyo," nikasema. Sikuweza kumdanganya.

"Alikuwa amelala karibu na kigingi kile siku mbili, anafukuza mbuzi," akasema, akageuza uso ukutani.

Mtambo uliporudi kutoka Kondoa, Shabani aliusimamisha pale penye kitambaa chekundu. Kufika mita sabini na kitu, tope likatoka, kisha maji machafu, kisha maji. Watoto waliingia ndani yake na nguo zao. Vigelegele vilisikika mpaka kitongoji cha pili. Zaina alikuwa amebebwa mpaka mlangoni akae atazame. Mguu ulikuja kupona, lakini ulipona mfupi, na hadi nilipoacha kazi, kila nilipopita kijiji kile nilimkuta anatembea anainama upande. Tulisalimiana. Mara nyingine alinipa kikombe cha maji, nami niliyanywa nimesimama.

Sasa nimestaafu, nipo kwangu Nkuhungu, na ninyi vijana mnaniambia mashine za leo zinapanga mafaili zenyewe, hata kufikiri zinafikiri. Sibishi. Lakini nisikilize, mwanangu, kwa maana nililolisema kwa wepesi lilinigharimu, na likamgharimu mwenzangu zaidi. Mashine hujibu swali uliloliuliza, haijui swali lililo moyoni mwako. Kabla hujachukua jibu, jiulize umeuliza nini, na orodha iliyo mbele yako imepangwa kwa kitu gani: kwa jina, kwa siku, au kwa ukubwa. Soma mstari mzima, usiokote unachokitafuta ukaacha kilicho kando yake. Na haraka haraka haina baraka hata kwa mwenye vidole vyepesi. Dakika uliyookoa, yupo atakayeilipa.

Lakini zaidi ya hayo yote, mtu akija kwako na vumbi miguuni akakuambia, "Mbona sivyo nilivyoona mimi," nyanyuka uende naye. Usimpime kwa kanga yake wala kwa Kiswahili chake. Huenda amekosea, basi umepoteza mwendo mfupi. Huenda amelala siku mbili akilinda ule ukweli usioujua. Kuuliza si ujinga, na kwenda kuangalia si kudharau elimu yako. Na siku ukikosea, kwa maana utakosea, usiisingizie mashine. Nenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa uliyemuumiza, useme ni mimi, hata kama hatakujibu.

Mungu akupe macho yanayosoma mpaka mwisho wa mstari, na masikio yasiyochagua wa kumsikiliza. Akuepushe na kosa ambalo maumivu yake hubebwa na mwingine. Kila utakapotoboa pakutokee maji, mwanangu, na wakiyanywa watu, uwe na amani ya kuyanywa pamoja nao.