Mwaka Shangazi Alipokataa Kufungua Ngitili

Mimi ni mtu wa siasa za mrengo wa kushoto, na kwenye vikao vyetu pale Gongoni, mjini, huwa sinyamazi. Ardhi ni ya wote, malisho ni ya wote, tuwaachie na watakaozaliwa. Kusema ni rahisi, hasa ukiwa umeshiba wali.

Shangazi yangu wa Puge hajawahi kukanyaga kikao chetu. Yeye ni mlinzi wa ngitili ya kijiji, malisho yanayofungwa mvua zikianza ili majani yakue, kisha yanafunguliwa kiangazi kikikaza na kila kaya inaingiza mifugo yake.

Mwaka ule wa ukame watu walimjia mapema wakitaka afungue. Akakataa. Ng'ombe wakila sasa, aliwaambia, kabla mvua haijarudi patabaki vumbi tupu. Wenye makundi walinuna, wakaswaga ng'ombe wao kwenda mbali. Yeye alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mzee, asiyeweza safari.

Nilipofika na pumba kutoka mjini nilimkuta ng'ombe yule amelala, mbavu nje. Nikapandwa na hasira.

"Shikamoo, shangazi. Majani si yale pale? Nikate mzigo mmoja tu, nani ataona?"

"Marahaba. Nitaona mimi, mwanangu."

"Lakini ng'ombe ni wako!"

"Ngitili si yangu."

Maneno hayohayo nayapigia kelele Gongoni, lakini siku ile yaliniudhi kweli. Nikamwita mkaidi. Yeye alikuwa akimlisha ng'ombe pumba kiganjani, akimbembeleza kwa Kinyamwezi kama mtoto mwenye homa. Ng'ombe alilamba kidogo, akaacha. Wiki ileile alikufa. Shangazi alilia kwa sauti, nami nikalia naye, hasira bado nikiwa nayo.

Siku ya kufungua, makundi yaliporudi, nilikuwepo. Majani yalifika magotini. Jirani aliyemnunia kuliko wote alivua kofia mbele yake.

"Pole, mama. Bila wewe leo tungelisha vumbi."

"Asante, baba. Pitisha ng'ombe, taratibu, wasibanane."

Lango la miti lilikuwa linajifunga lenyewe kila kundi likipita. Shangazi akafungua kamba aliyojifunga kiunoni, ile ya ng'ombe wake, akalifungia lango kwenye mti ili libaki wazi.