Raundi ya Tano ya Tata Muamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa dakika nne, na dakika hizo nne ndizo zilizonilea. Mkuu wa lango, mzungu mfupi aliyevaa kofia hata ndani ya ofisi, alinionyesha saa ya ukutani akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "We mwandishi wa saa, na we mwenyewe haujui saa?" Tangu hapo hadi nilipostaafu sikuchelewa tena, na niliwachukia wachelewaji wote, hata ndugu zangu wa damu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika saa za watu. Ninyi vijana mnaingia kazini kwa kuweka kidole kwenye mashine. Sisi tulikuwa na jetoni, kipande cha shaba chenye namba, kila mfanyakazi na yake. Akiingia anaichukua ubaoni, akitoka anairudisha, na mwandishi yuko dirishani na daftari lake. Juu yetu sote kulikuwa na king'ora cha kampuni. Kililia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, na mji mzima wa Kolwezi uliishi chini yake. Kikilia, zamu imekwisha. Niliwahi kumwona seremala akiacha msumari umeingia nusu, akavaa koti lake akaenda.

Nilianzia lango la shimo la wazi. Kisha nikapelekwa karakana, chini ya injinia aliyependa mbwa wake kuliko watu, na baadaye kwenye kiwanda cha kuosha mawe ya shaba. Huko mkuu alikuwa Mkongo mwenzetu, wa kwanza kupewa kiti kile, na kila mara alikigusa kuhakikisha bado kipo. Aliniita wiki ya kwanza.

"Banza, banasema we unajua saa kuliko saa yenyewe. Siku ya Mungu utakuya kupiga kengele ya boksi."

Jumapili hiyo nikaenda kwenye ndondi. Enzi zile mkuu akisema utapiga kengele, unapiga.

Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, na nyundo yake bolti kubwa. Raundi dakika tatu, mapumziko dakika moja. Mwenye kengele hukaa mezani chini ya ulingo, saa mkononi, daftari mbele yake. Bondia akianguka, refa anahesabu hadi kumi. Lakini kengele ikilia kabla ya kumi, kwa sheria zetu za wakati ule, aliyeanguka amepona. Wenzake wanamburuta hadi kwenye kona yake, wanammwagia maji, na dakika moja baadaye anaruhusiwa kupigwa tena. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa na nguvu kuliko ngumi za wengi, na sifichi, nilivimba kichwa. Mke wangu alisema nimeanza kumega ugali kama hakimu.

Bondia wetu mkubwa alikuwa Muamba, Tata Muamba kama tulivyowaita wazee kwa heshima, mwendesha kreni wa karakana, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alizaliwa Kolwezi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba, kabla hata baba yangu hajaoa. Alipiga vizuri na alijisifu vizuri zaidi. Akienda kununua chumvi alirudi baada ya saa mbili, maana njiani ilibidi awasimulie watu mapambano yake, hata wale waliokuwa wameyaona.

Sasa nifike kwenye raundi ya tano. Muamba alikutana na fundi bomba mmoja kijana, mtu wa hapa hapa Katanga, kugombea ubingwa wa nchi nzima ya shaba. Ilikuwa Jumapili mchana, na mgodi haukujua Jumapili. Raundi nne Muamba alicheza naye tu. Katika ya tano yule kijana alimpata kidevuni, na Muamba akalala chali, mikono kifuani, ametulia kabisa. Refa akaanza. Moja. Mbili. Watu kimya. Alipofika saba, saa nane mchana ikatimia na king'ora cha kampuni kikalia.

Mkono wangu ukapiga reli.

Sikuuamuru. Ulikuwa mkono wa miaka kumi na tisa dirishani, ulisikia zamu imekwisha ukafanya kazi yake. Nikatazama saa: raundi ilikuwa bado na dakika nzima na sekunde kumi. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Refa aliteremsha mkono. Watazamaji wa nyuma walianza kutafuta kofia zao waende nyumbani. Sote tulikuwa watu wa king'ora. Fundi bomba peke yake alibaki amesimama konani, ngumi juu, akitutazama mmoja mmoja. Muamba akaburutwa, akamwagiwa ndoo mbili, na katika raundi ya sita akamwangusha yule kijana kwa kushoto. Akawa bingwa.

Fundi bomba alilalamika. Mkuu wa michezo akanijia mezani: "Banza, saa ilifika ao haikufika?"

"Ilifika, shefu."

Nikaandika daftarini, kwa wino: raundi ya tano, dakika tatu kamili. Mwandishi wa saa anayekiri kwamba amekosea saa, amebaki na nini? Niliona aibu, na niliinyamazia aibu hiyo miaka mingi.

Miaka ikaenda, mambo yakaharibika. Vipuri havikuja tena, kreni zikasimama, na baadaye king'ora chenyewe kikanyamaza. Mimi niliendelea kuandika waliohudhuria, na hakuna aliyeniuliza walihudhuria nini. Halafu ikaja ile zamu mbaya: wakubwa wa siasa walisema shida zetu zote zimeletwa na watu wa Kasai, na watu wa Kasai warudi kwao. Hata wale ambao kwao ni mtaa wa pili kutoka kwangu. Mwenyekiti wetu wa mtaa alitembea na orodha, nyumba kwa nyumba, na Tata Muamba alikuwa ndani ya orodha.

Yule fundi bomba sasa alikuwa mkuu wa kambi, ndiye aliyegawa nyumba za kampuni. Akiandika karatasi kwamba familia fulani ibaki, ilibaki, maana mwenyekiti mwenyewe aliishi katika nyumba aliyopewa naye. Nilikwenda kwake kumwombea jirani yangu. Alinisikiliza, akafunga mlango.

"Tata Banza, mi sitake nyumba yake. Nyumba niko nayo. Mi nataka raundi yangu."

Akatoa karatasi na kalamu, akaviweka mezani.

"Siku ya Mungu bantu batakutana mu sali ya boksi, bataamua kama Muamba eko mukubwa wa nyakati zote, ao hapana. We utasimama, utasema kweli ya ile raundi. Ukisema, minasinya karatasi. Muamba na bibi yake na batoto babaki."

Msishangae kwamba katika majira yale watu walikaa sali, yaani ukumbini, kujadili bondia. Kazi hakuna, mazungumzo mengine yana hatari. Ngumi za zamani zilikuwa salama. Nilikwenda moja kwa moja kwa Muamba nikamweleza yote, na kosa langu pia, mara ya kwanza kulitamka. Alinitazama kana kwamba nimetukana kaburi la mama yake.

"Mi sikulalaka pale. Nilikuwa napumuzika. Nilisikia bantu banaimba jina yangu!"

"Tata, walikuwa wamenyamaza."

Mkewe, Mama Ngalula, aliweka chini sufuria. "Tata Banza, sema alianguka. Sema alikufa kabisa, alifufuka! Mi niko na batoto sita na nyumba moya."

Muamba alizitazama ngumi zake. Mwishowe akasema, "Sema. Lakini usiniangalie."

Jumapili ukumbi ulijaa. Mchomeleaji mmoja mstaafu alianza kwa kusema Muamba hakuwahi kupigana na mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo ukubwa wake ni nusu. Akajibiwa kwamba kuna mtu wa Likasi Muamba alimpiga hadi akauliza yuko mji gani, na alipoambiwa hakuamini. Aliyemtetea kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa mtaa, yule yule wa orodha, orodha yenyewe ikichungulia mfukoni.

"Muamba njo yeye bingwa yetu! Hakuna mwingine! Mi nilikuwa pale, nililia!"

Nikasimama. Nilieleza saa, king'ora, mkono wangu, dakika moja na sekunde kumi. Sikumwangalia Muamba. Nilipomaliza nilifikiri nimeokoa nyumba.

Ukumbi ulilipuka. "Uongo!" "Muzee amenunuliwa!" Mtu alikimbilia kabati la ukumbi akaleta daftari la zamani, mwenyekiti akasoma kwa sauti: raundi ya tano, dakika tatu kamili. "Hii maandiko ni ya nani, Tata Banza?" Nikasema ni yangu. "Basi uliandika uongo ao unasema uongo?" Nikasema niliandika uongo. Wakacheka hadi wengine wakashika viti. Mimi, ambaye kwa miaka yote ile walishindwa kunidanganya dakika moja langoni, siku niliyosema kweli hawakutaka kunisikia. Walikuwa vijana siku ile ya raundi ya tano, na hawakuwa tayari kuambiwa kwamba siku nzuri kuliko zote walizoziona ilikuwa kosa la karani.

Wakapiga kura. Nani anasema Muamba ni mkubwa wa nyakati zote? Mikono yote ikapanda. Muamba alijizuia kadiri alivyoweza, nilimwona akijizuia, halafu naye akanyoosha mkono. Mama Ngalula aliuvuta chini, Muamba akaunyoosha tena. Mkuu wa kambi, ambaye raundi yake haikurudi, aliirudisha karatasi yake mfukoni bila kuisaini, akatoka bila kuaga.

Jumanne asubuhi mwenyekiti alikuja na orodha na wanaume wa mtaa, karibu wote waliokuwa ukumbini. Muamba aliinama kushika kiti. Mwenyekiti akamnyang'anya.

"Apana, Tata! Bingwa habebake bitu!"

Walimbebea kila kitu hadi stesheni, kwa heshima. Kabati lilibebwa na mchomeleaji na wenzake watatu, polepole, lisikwaruzwe. Muamba alitangulia mikono mitupu, akisalimia watu kulia na kushoto. Mama Ngalula alitembea nyuma, hakumsalimia mtu. Walikaa wiki nyingi juu ya simenti ya stesheni pamoja na mamia ya wenzao, mvua na jua, wakingoja treni. Nilipowapelekea unga nilimkuta Muamba akiwasimulia raundi ya tano, na kila nilipokwenda ilikuwa imerefuka. Halafu siku moja nilikuta pamefagiliwa.

Nilistaafu bila sherehe, kwa sababu hapakuwa na aliyebaki wa kuiandaa. Sasa nakaa mtaa wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, kwa binti yangu, na kinyozi wa jirani amekusanya vijana wanaobishana kuhusu mabondia kutwa nzima. Wananiuliza kama ni kweli kwamba Muamba alikuwa mkubwa wa nyakati zote. Nawaambia mambo hayo yalishaamuliwa kwa kura, na hakuna aliyepinga. Wanafurahi. Wiki iliyopita mmoja wao akaniuliza: "Na siku bantu banamutosha, banamufukuza, we Tata ulikuwa wapi?"

Nilimjibu kweli, kwa kuwa mara hii aliyeniuliza alitaka kujua. Nilikuwa nyuma ya kabati. Nilishika godoro, upande wa miguuni, na nilihakikisha tunafika stesheni kwa wakati.